Aliacha Mkate, Ngano Ikamfuata Kwenye Uji

Saa moja asubuhi, mkanda wa mashine unashika kasi na kibanda kizima kinatetemeka. Mwanamke aliyejifunga kitambaa puani na mdomoni anamimina mahindi, anaukinga unga kwa kiganja, anaupima ulaini kwa vidole. Mteja wa kwanza amekuja na ndoo ya ngano.

"Hiyo hapana, shoga yangu. Ngano ni ng'ambo ya barabara, kwa shemeji yako."

Shemeji huyo ni mumewe. Mteja anaguna, anavuka.

Wateja humwita Sindano, jina alilopewa alipokonda. Ana miaka 39, kumi na minne ameimaliza akisaga nafaka. Miaka sita iliyopita tumbo lilianza kujaa, akawa anaharisha. Damu ikapungua, mimba mbili zikatoka, na kilo 64 zikawa 43.

"Watu walishanizika natembea," anasema. "Wifi yangu alianza kuulizia vyombo vyangu!"

Kila zahanati iliupa ugonjwa jina lake: minyoo, vidonda vya tumbo, mawazo. Hatimaye hospitali kubwa ikampima damu, ikamshushia mpira wenye kamera hadi utumbo mdogo na kukata kinyama cha kupima. Ni ugonjwa wa seliaki, akaambiwa. Akila gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na shayiri, mwili wake unaugeukia utumbo na kuujeruhi. Hauna kidonge. Tiba ni kuacha, maisha yote.

"Nilicheka. Nikamwambia, daktari, ngano ndiyo iliyonijengea nyumba."

Aliacha hata hivyo. Mkate, chapati, tambi, keki ya harusi ya mpwa wake, vyote alivipa kisogo, akashikilia uji wa mahindi asubuhi na jioni. Miezi mitano baadaye hakuna kilo iliyopanda, na vipimo vya damu vilikuwa vibaya vilevile.

"Mama, unakula kwa kujificha," daktari akamwambia.

Mumewe akaruka kitini. "Mimi ndiye ninayempikia! Uji naukoroga kwa mkono huu!"

Mtaalamu wa lishe, binti aliyekuwa amekaa pembeni akiandika, akainua kichwa. "Mahindi ya huo uji mnasaga wapi?"

"Kwangu mwenyewe," Sindano akajibu.

"Mashine ileile ya ngano?"

"Ndiyo, ileile."

"Nilihisi sakafu imeondoka," anasimulia. "Miezi mitano masalia ya ngano najitilia mwenyewe kwenye uji. Na lile vumbi nikilimeza kutwa nzima."

Mumewe alitoka nje. Sindano alimkuta amechuchumaa ukutani, kichwa mikononi. "Nimekuwa nikikuua kwa kijiko, mke wangu."

Waliuza pikipiki, wakanunua mashine ambayo haijaonja ngano, wakaipangia kibanda chake peke yake; ile ya ngano mume akabaki nayo ng'ambo. Sufuria, mwiko na chekeche vikawa vipya. Mume haingii jikoni kabla ya kuoga na kubadili nguo. Mahindi ya uji Sindano huyachambua punje kwa punje, maana wauzaji huyatia kwenye magunia yaliyobeba ngano. Baada ya miezi tisa, mizani inasoma kilo 55.

Lakini daktari alikuwa amesema pia kwamba ugonjwa huu hufuata ukoo. Mdogo wake wa kike, mzima anayebeba ndoo mbili kwa mpigo, akapimwa. Anao.

Usiku huo dada hao wawili walitazamana, wakamkumbuka mama yao. Alikufa tumbo limejaa, mbavu zikihesabika. Kama ni seliaki, hakuna atakayejua tena.

"Sisi tulimshika jirani," Sindano anasema taratibu. "Tulimwita mchawi mbele ya waombolezaji. Mimi ndiye niliyepaza sauti. Akahama na watoto wake, mvua inanyesha."

Ameulizia, ameambiwa bibi huyo yu hai, anaishi kwa mwanawe. Jumapili anafunga mashine aende, yeye na mdogo wake.

"Sijui nitaanza na neno gani," anasema. "Nitapiga magoti kwanza. Akinifukuza, nitarudi Jumapili nyingine."