Jogoo wa Kishingo Aliyefikia Mikononi mwa Mkwe

Chiwata hakuna aliyemtamani kuku wa kishingo. Shingo tupu, utadhani kamwagiwa maji ya moto. Sikudhani alikuwa na tetea mmoja wa namna hiyo, na mumewe Ashiru alikuwa akimtania kwamba anafuga tumbusi.

Lakini Sikudhani ni mtu wa kutazama. Felix, bwana mifugo, alipokuja kuchanja vifaranga wasipate kideri, wote waliwekewa tone lile lile jichoni, asubuhi ile ile. Baadaye akarudi kuwatoa damu kidogo bawani akapime kinga. Majibu yakawa vifaranga wa kishingo wana kinga nyingi kuliko wa tetea wake mwingine, mweupe, yule mzuri wa kusifiwa. Sikudhani akauliza imekuwaje, na chanjo ni moja? Felix akamwambia chanjo ni kama mwalimu: darasa moja, ila wepesi wa kushika somo kila mtoto karithi kwao.

Kideri kilipoingia kijijini, wana wa mweupe wakapukutika. Wa kishingo wakasimama. Katika majogoo akabaki mmoja tu, kipara kama mamaye, na Sikudhani akamwekea tumaini lote la banda lake.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Newala kumwona mjukuu wake, Rahima. Mkwe huchinjiwa jogoo, tena hukabidhiwa kwanza akiwa hai. Ashiru alikwisha kunoa kisu. Sikudhani akawaza: nikimtoa, mbegu imepotea, nikimficha, nitaitwa mchoyo hadi Newala.

Akapiga magoti, akamtoa kwa mikono miwili.

“Shikamoo, mama. Mboga yako hii.”

“Marahaba, mama Rahima.” Mama mkwe akamgeuza geuza jogoo. “Huyu katoka jandoni leo? Mbona kanyolewa mpaka shingo?”

Nyumba nzima ikacheka, na kicheko kikamfungua Sikudhani mdomo. Akasimulia yote: tone, damu, kideri. Mama mkwe akamtazama jogoo upya. Kwake Newala banda lilikuwa limebaki manyoya matupu.

“Umeshanipa, sivyo?”

“Ni wako, mama.”

“Basi nifugie. Cha kwangu hakichinjwi na mtu. Nikirudi nataka vifaranga wake.”

Jogoo akafunguliwa miguu, akajikung’uta, akaondoka bila kuaga. Jioni wakala ugali kwa kisamvu cha karanga na muhogo wa kuchemsha. Kile kisu hakikulala bure: aliyemenya muhogo ni Ashiru, mama yake kamsimamia.