Mawe ya Redio ya Nafula

Isaiah Shikanga alikuwa mtu wa kufungua vitu. Kuna watu ambao ukiwapa redio nzima watakurudishia kasha na pole. Yeye, Mungu ni shahidi, alirudisha redio ikiongea, na mara nyingine ikiongea kuliko ilivyonunuliwa. Kibanda chake kilikuwa mjini Kakamega, nyuma ya soko, na moshi wa risasi ya kulehemu ulimfuata hadi kanisani, watu wa kwaya wakawa wanamsogezea kiti cha mwisho.

Ugonjwa huo aliurithi kwa mamake. Wakati baba akiwa shambani kukata miwa, pale Shianda, mama Nafula alikuwa na redio moja juu ya meza, imefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa mikono ikiwa na mafuta. Redio ile ilikula betri nne kubwa, zile ambazo kila mtu aliziita mawe. Sauti ikianza kukonda, Nafula hakukimbilia dukani. Aliyatoa mawe, akayapangusa kwa pindo la leso, akayaanika kwenye mabati ya jikoni. Mvua ikikaza na jua likinuna, aliyapanga kando ya mafiga, mbali kidogo na moto, akawa anayageuzageuza kama mtu achomaye viazi. Na asikudanganye mtu, yalifufuka. Jioni redio iliongea tena.

Isaiah alizikumbuka jioni hizo maisha yake yote: ugali wa obusuma mezani, mboga ya sukuma, baba akichomoa miiba ya miwa viganjani, na mama ameinamia redio akisubiri matangazo ya vifo. Nafula hakujali sana siasa wala mpira. Alisikiliza vifo. Si kwamba alipenda misiba. Ni kwamba watu wake walikuwa wametawanyika, huyu ameolewa Khwisero, yule amehamia Nairobi, na redio ndiyo iliyomwambia nani ameondoka na atazikwa lini.

Basi siku moja mawe yakamsaliti. Mtangazaji alisema, "Tunasikitika kutangaza kifo cha," kisha redio ikakata roho. Nafula akaigonga ubavuni, akacheka, akamwambia Jescah, jirani yake, "Maskini, huyo ni mama ya nani tena?" Alikuwa ni Awinja, dada yake aliyeolewa Malava. Habari zilimfikia kaburi likiwa limeshaota nyasi.

Kwao, kukosa kumzika dada si jambo la kuambiwa pole likaisha. Nafula alikwenda Malava, akakaa kwenye udongo ule peke yake, akalia kilio ambacho kilipaswa kuwa cha watu mia. Aliporudi alimwambia Isaiah neno moja tu, akimwita baba kama mama zetu wawaitavyo wana wao. "Papa, wewe ndiye fundi. Nisikosange jina lingine."

Neno hilo lilimkaa Isaiah kooni miaka. Alimnunulia mawe mapya kila alipopata, lakini mama, kwa ubahili wa upendo, aliyaweka sandukuni akaendelea kuyafufua ya zamani.

Ndipo Cornelius akaingia na ulimwengu mpya. Huyu alikuwa mpiga video wa harusi, mtu wa maneno mengi na shati la maua, na kamera yake ilitumia betri ya litiamu, kitu ambacho watu wengi pale mjini hawakuwa wamekiona. Moja ilipochoka alimletea Isaiah. "Chukua," akasema, "lakini heshimu hiyo kitu. Si kama mawe ya mama yako. Mimi niliibana na funguo mfukoni, ikapata moto, nikacheza ngoma ambayo haijatungwa."

Isaiah akaiheshimu kweli. Aliipasua kasha lake la plastiki polepole kwa kisu butu, asije akatoboa kilichomo, akakuta seli mbili nyembamba na kibao kidogo cha saketi kinachozilinda. Fundi mwenye pupa angekitupa kibao kile. Yeye alikiacha mahali pake, kwa kuwa ndicho kinachokata umeme seli zikielekea kuisha au kujaa kupita kiasi. Hakulehemu juu ya seli zenyewe, maana joto huziumiza. Alilehemu kwenye vipande vya bati vilivyokuwa vimeshikizwa tangu kiwandani. Akafunika kila ncha kwa utepe, akaongeza daiodi za kupunguza nguvu ili redio isiungue, akaiweka kazi yote ndani ya kasha la sabuni. Alipoichaji alikaa nayo, kopo la mchanga wa kuzimia moto likiwa karibu, na hata chai aliletewa palepale. Waliopita walimcheka kwamba analea mtoto.

Jumamosi moja akaipeleka Shianda. Redio iliongea kwa sauti nene, siku baada ya siku, haikondi. Nafula alifurahi mpaka akamchinjia ingokho, kuku wa heshima. Isaiah akampa masharti: usiifungue, usiidondoshe, usiitie maji, nami nitakuwa naichukua kuichaji. Kuhusu jua na moto hakusema kitu. Angesemaje? Kuanika mawe kwake ilikuwa kama kupumua, na nani humkumbusha mtu kwamba anapumua?

Ikaja mvua ya El Nino. Barabara ikawa mto, Jumamosi mbili Isaiah akashindwa kutoka Kakamega. Ya tatu alitembea sehemu kubwa ya njia, matope hadi magotini, kwa kuwa alijua kasha lile limeshaisha nguvu na mama yuko gizani kwa habari za watu wake.

Alipofika uani alisikia harufu tamu, ya dukani, kama rangi ya kucha. Harufu hiyo haikuwa na kazi jikoni kwa mamake. Akainama mlangoni. Nafula alikuwa kwenye kigoda akibambua maharagwe, na kasha la sabuni lilikuwa limelala kando ya figa, mahali palepale pa mawe tangu zamani. Lilikuwa limevimba. Lilikuwa linalia ssss kama nyoka. Nafula alikuwa ananyoosha mkono aligeuze.

"Mama, acha!"

Hakuwahi kumpigia mamake kelele maishani. Alimvuta bega kwa nguvu iliyomwangusha kwenye kuni, akanyakua koleo la makaa, akalishika kasha na kulitupa uani mbali na paa la nyasi la ghala. Halijatulia chini likalipuka moto, moto mweupe wenye kiburi, unawaka juu ya matope kana kwamba mvua haikuhusu. Akamrudisha mama nyuma, mbali na moshi, wakasimama mpaka ukajizimia wenyewe.

Nafula aliutazama mkono aliokuwa ameunyoosha kwenye kasha. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayeomba radhi mgeni, "Ilinyamaza ghafla, haikukonda kwanza kama wenzake. Nikasema imezimia. Nilitaka ukifika uikute inaongea."

Isaiah akalia. Mtu mzima, fundi wa mji, alilia palepale kwenye mvua, kwa sababu alikuwa amekiacha kibao kile kikate umeme ili kumlinda mama, na kumbe kunyamaza kwake ndiko kulikompeleka kasha motoni. Na kwa sababu mkono ule ndio uliomfundisha kila kitu.

Jumamosi iliyofuata alileta mawe manne ya kawaida, mazito, ya zamani. "Haya uanike juani," alimwambia, "motoni basi tena." Nafula akayapokea kwa mikono miwili. Huko kibandani litiamu aliendelea nayo, ila mteja yeyote aliyetaka betri ya namna hiyo aliulizwa kwanza, "Kwenu mnaanikanga mawe?" Watu walidhani anatania. Aliyejibu ndiyo hakuondoka bila kuhubiriwa, na wengine hakuwauzia kabisa.

Nafula aliaga dunia mwaka wa mwisho wa miaka ya tisini. Alianguka asubuhi akitoka jikoni, bila kuugua, bila kusumbua mtu. Siku ya tatu jamaa walijaa uani, na tangazo lake lilikuwa lisomwe baada ya habari za mchana. Isaiah aliingia nyumbani, akaondoa kitambaa, akawasha redio. Kimya. Akafungua mgongo wake. Ndani hamkuwa na jiwe hata moja.

Akafungua sanduku mama alimokuwa akiweka mawe mapya; nalo tupu. Dukani ni mbali, na habari zimeshaanza kwa majirani. Akafikiria watu wa mama walio Khwisero, walio Nairobi, akafikiria udongo wa Malava. Yeye fundi, mwana wa Nafula, na jina la mama litapita nyumba hii ikiwa bubu.

Jescah ndiye aliyesema, "Nilimwona akiyapandisha mawe mabatini asubuhi ile. Mvua ilipotaka kunyesha niliyafunika na sufuria, kisha nikayafunua tena. Sikujua niyapeleke wapi."

Isaiah akapanda juu ya kinu. Mawe manne yalikuwa yamepangwa vizuri juu ya bati, yamegeuzwa upande mmoja. Yalikuwa na joto la kiganja. Akayatia ndani ya redio, akarudia mara mbili kwa kukosea kichwa na mkia.

Sauti ikaja, nyembamba, lakini ikaja. Tunasikitika kutangaza kifo cha Nafula Shikanga wa Shianda, mjane wa marehemu mzee Shikanga, dadake marehemu Awinja wa Malava, mamake Isaiah wa Kakamega. Mazishi ni Jumamosi. Walio Khwisero, walio Nairobi, wapate habari hizi.

Jescah akanyoosha mkono kuzima, asije akamaliza mawe ya marehemu. Isaiah akaushika mkono ule, akautuliza mezani. Mtangazaji alikuwa ameanza jina la mama mwingine, wa Malava, na kuna mtu mahali fulani huenda redio yake ilikuwa imenyamaza. Wakakaa wakasikiliza majina yote.