Wa Kwanza Kukaguliwa

Mkaguzi wetu mkuu hupanga ukaguzi wa mwaka wa hesabu za jiji akiwa amesimama, penseli sikioni, chai yake ikipoa dirishani. Hunong'ona majina ya idara kama mama anayeita watoto kula, huku akihamisha vikaratasi ubaoni: maji, barabara, taka. Mkono wake hausitisiti. Mwaka huu mkono ulisita kwenye masoko, idara inayoongozwa na mdogo wake. Akakibandika kikaratasi hicho mwanzoni kabisa, kazi akampa mwenzetu mmoja mkali ambaye hapikiki chungu kimoja na huyo mdogo wake. Jioni simu ikalia, akaiweka kwenye spika, sote tukasikia.

"Dada, hata mimi?"

"Wewe kwanza, mdogo wangu. Nikikuruka wewe, wengine nitawatazama kwa macho gani?"

Kisha akakaa, akainywa yote ile chai baridi.