Magari Yasiyoendeshwa ya Isaka

Picha zilianza kufika Mkunya kwa simu za watu wengine kabla hazijafika kwa mama mwenyewe. Isaka, mtoto wa Severina, ameegemea gari jekundu, bapa, liko chini hata mbuzi angelichungulia kwa juu. Wiki iliyofuata, gari jingine, la rangi ya dhahabu. Isaka alikuwa Maskati, na kazi yake aliitaja kwa neno moja tu: "biashara."

Kijiji kikapata la kusema. Ziada, jirani wa Severina, alimwambia waziwazi wakichambua korosho: "Mama Isaka, ule ni utajiri wa masharti. Jiangalie. Huwa wanaanza kwa kumtoa mama kafara."

Severina alimkemea, ila usingizi ukampaa. Kwa hiyo Isaka alipomtumia tiketi ya ndege akamsalimie, moyo wake haukufurahi. Mbona sasa? Mbona yeye peke yake? Alifunga korosho na ming'oko, viazi vya porini, kwenye mfuko, akavaa rozari shingoni chini ya gauni, akaondoka.

Isaka alimpokea vizuri, lakini kila alipoulizwa habari za kazi, alihamisha maneno. Siku ya tatu Severina akasema, "Nipeleke nikayaone hayo magari." Kijana akasita, kisha akakubali kwa sharti moja. "Tukimkuta bosi, mama, usiseme neno. Acha niongee mimi."

Hapo ndipo shaka ilipokomaa.

Jengo halikuwa na dirisha wala kibao. Ndani kulikuwa na baridi, na sakafu iling'aa kama maji. Magari yamepangwa safu, mengine yamefunikwa nguo nyeupe, na Severina alifikiria sanda.

"Nani anayaendesha?"

"Hayaendeshwi, mama."

"Sasa yanafanya nini?"

"Yapo tu."

Akashika rozari. Gari lisiloendeshwa, lililovishwa nguo, lililofungiwa gizani: hilo linakula nini?

Mlango ukafunguka. Akaingia mzee wa Kiarabu mwenye kanzu nyeupe na fimbo. Isaka alikimbilia kuzungumza naye kwa Kiingereza, mikono ikicheza. Mzee akampita, akaja moja kwa moja kwa mgeni.

"Karibu, mama. Hujambo? Za safari?"

Kiswahili safi cha Unguja! Severina alishtuka, kisha akaona njia imefunguka.

"Sijambo, baba. Nina swali. Huyu mwanangu hapa kwako ni nani?"

"Isaka?" Mzee alishangaa. "Ndiye anayenioshea magari. Hana mfano, hakwaruzi hata kidogo."

Isaka aliinamisha kichwa. Severina alimtazama: viganja vimebabuka kwa sabuni, jambo ambalo siku zote tatu hakuliona kwa sababu alikuwa akitafuta damu.

"Anaosha?" alirudia. "Anaosha tu?"

"Nisamehe, mama," Isaka alinong'ona. "Watu wa nyumbani walidhani ni yangu, nikawaacha wadhani."

Severina alicheka mpaka machozi yakamtoka, akamkumbatia mwanawe mbele ya bosi wake. Ila kwa mzee hakuachia. "Na wewe, baba, gari huendeshi, umeliwekea nini?"

"Nikiliendesha litachakaa."

Jibu hilo halikumwingia hata kidogo. Alipoombwa aketi ndani ya lile jekundu, ambalo mlango wake ulipaa juu badala ya kufunguka pembeni, alikataa katakata.

Aliporudi Mkunya, alisimama kwenye sala ya jumuiya akasema: "Mwanangu anaosha magari ya mtu." Wengine walipumua. Ziada akatikisa kichwa: "Ameshafundishwa la kusema."

Picha zilikoma. Jumapili moja Isaka alipiga simu, hakusalimia vizuri, akaanza kulalamika kiuno kinamuuma kwa kuinama. Severina alimwelekeza namna ya kujikanda kwa maji ya moto, akamsikiliza akinung'unika, na kwa mara ya kwanza tangu kijana aondoke, akayaamini yote aliyoyasikia kutoka kwake.