Rimoti ya Jaji

Jumamosi, tarehe 14 Machi 2015, runinga ya kinyozi mmoja ilikuwa imetundikwa juu ya mlango, nyuma ya mgongo wake. Hilo limethibitishwa: ipo picha iliyopigwa na mteja na kuandikwa tarehe kwa kalamu, ambamo kinyozi ameelekea kioo, ameshika kichwa cha mtu, na runinga inaonekana ndogo kabisa ndani ya kioo hicho.

Wateja walimwita Jaji, kwa kuwa haikuwapo filamu asiyoitolea hukumu. Alihukumu kwa taaluma yake. "Huyu katoroka gerezani, miezi miwili yuko msituni," alisema siku moja huku akipuliza nywele kwenye mashine. "Sasa hizo nywele za denge anakatwa na nani? Nyani?" Kwa maoni yake, mwigizaji mwenye ndevu zilizopangika hawezi kulia kwa dhati, na mwigizaji wa kike akiamka asubuhi nywele hazijavurugika, mwongozaji afungwe. Katika mambo ya nywele alikuwa na haki. Mengine yote aliyatazama kwenye kioo, miaka kumi na mmoja pasipo kugeuka, mashine ikimvumia sikioni. Tamthilia za kigeni zilikuwa na maandishi ya tafsiri chini ya picha, madogo na ya kukimbia. Hayo aliwasomea wateja kwa sauti kuu, nao wakamwachia kazi hiyo kwa shukrani.

Rimoti ilikaa mfukoni mwa aproni yake. Alikwenda nayo hata msalani.

Msimu ule ilikuwapo tamthilia ya tajiri mwenye wana wawili, aliyetiliwa sumu kikombeni. Muuaji alionekana mkono tu. Jaji alihukumu tangu sehemu ya kwanza: "Mkono wa kushoto ule. Ni yule mdogo." Ushahidi wake ulikuwa ukurasa wa gazeti aliobandika kando ya kioo, ulioeleza kwamba yule mdogo hutumia mkono wa kushoto. Wateja wa benchi, waliokaa upande na kuitazama runinga yenyewe, waliona mkono wa kulia, wakanyamaza. Dereva mmoja wa lori alieleza sababu kwa ufupi: "Wembe uko kooni, ndugu yangu. Ningesema kulia ili iweje?"

Asiyeuhofia wembe alikuwa mmoja tu: fundi viatu wa mlango wa pili, aliyeitwa Kipara kwa sababu zilizo wazi. Hakuwa na unywele wa kumpa kinyozi. Alifuata runinga.

"Jaji, ule mkono ni wa kulia. Ni yule mkubwa."

"Wewe nywele zilikukimbia. Kumbe na akili zilifuata?"

"Zilikimbia kelele zako."

Wakapeana ahadi mbele ya benchi zima. Kipara akikosa, asikanyage tena saluni. Jaji akikosa, rimoti inahama mfuko. Tangu siku hiyo Jaji alinyoa mkono mmoja ukipapasa aproni.

Sehemu ya mwisho ilioneshwa Jumamosi ile alasiri. Mwana mkubwa alikiri, akilia, ndevu zake zimepangika.

"Wameharibu," Jaji akasema. "Mwandishi haijui hadithi yake mwenyewe."

Dereva wa lori alikuwa na sehemu ya kwanza kwenye flashi. Ikachomekwa. Mkono ulipotokea, Jaji aliunyooshea kitana ndani ya kioo. "Kushoto! Mna macho au vifungo?"

"Geuka, kaka," Kipara akasema, kwa upole uliouma kuliko tusi. "Shingo unayo. Geuka."

Akageuka. Mashahidi watano wanakubaliana kwamba alitazama runinga, akatazama kioo, akarudia runinga. Mtu aliyewaonyesha watu visogo vyao maisha yake yote alikuwa amesahau kazi ya kioo.

"Ngoja kwanza," akasema dereva wa lori. "Kwenye kioo si hata maandishi yako kinyume? Miaka yote hiyo ulikuwa unatusomea nini?"

Jaji alitoa rimoti, akaifuta kwa taulo, akamkabidhi Kipara kwa mikono miwili. Mteja wa kitini aliondoka amenyolewa upande mmoja.

Utawala wa Kipara ulipwaya tangu mwanzo. Aliyasoma maandishi kama yalivyo: "Njoo." "Sawa." "Nitakupigia." Benchi likapiga miayo. Siku ya tano, bibi arusi wa tamthilia mpya alipofungua kinywa, swali lilitoka kwa Kipara mwenyewe: "Jaji, huyo anasemaje?"

Jaji, mgongo kwa runinga, akaanza kusoma. Kipara akabonyeza rimoti, akapunguza sauti ili amsikie vizuri.

Ameulizwa mara tatu kuhusu maandishi yale. Kila mara alichukua wembe na kumwuliza mwulizaji kama ndevu zake hazihitaji kusawazishwa. Kama kwa miaka kumi na mmoja alijua kwamba hasomi chochote, haijulikani.