Shikamoo Isiyosubiri Marahaba

Naikumbuka Ijumaa moja ya joto kali, mwanangu, miaka ile Dubai inajenga kila kona na mimi sina mvi hata moja. Nilikuwa nakaa mtaa wa Al Muraqqabat kwa Bi Zuhura, mdogo wa bibi yangu mzaa mama, Muunguja aliyehamia huko zamani na hakudondosha hata neno moja la kwao njiani. Kazi yangu ilikuwa utafiti wa samaki. Cheka tu, hata mama yangu alicheka: umesoma miaka yote hiyo ukatazame samaki wanavyopumua? Naam, ndiyo kazi yenyewe. Maji yakipata joto samaki huhema zaidi, na mwili wake hujibadili ili auhimili ule moto. Mimi nilitaka kujua unajibadili vipi.

Samaki wangu walikuwa tasi, hawa hawa wa kwetu, ila bahari ya kule huwapika tangu utotoni. Tajiri mmoja alitaka kuwafuga kwenye mabwawa ya kina kifupi. Tulimwita arbab, yaani bwana mkubwa, na pesa yake ndiyo iliyoendesha maabara, ikanilipa mimi, ikashika na viza yangu. Alitaka neno moja tu kwangu: wanahimili au hawahimili? Nikapandisha joto la matangi kidogo kidogo, kama tulivyofundishwa. Tasi wakala, wakaogelea, hakufa hata mmoja. Nikasema khalas, wamezoea, kilichobaki ni kuandika. Haraka niliyokuwa nayo usiniulize, maana mkataba wangu ulikuwa ukingoni.

Basi Ijumaa hiyo nikaingia nyumbani mchana, Bi Zuhura yuko jikoni anakaanga samaki. Nikasema shikamoo, nikapita. Nilishafika mlangoni mwa chumba changu aliponiita. Akazima jiko kwanza. Mzee akizima jiko ili aseme nawe, ujue yamekufika.

"Mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo alivyozoea kunitania, "umeniamkia hujasubiri marahaba. Jana vivyo hivyo. Unajuaje kama mimi ni mzima? Wewe huamkii watu, wewe unawapita."

Nikajitetea kwamba kazi zimenizidi. Akasema mama yangu naye kila akipiga simu kuniuliza hali, mimi humjibu kuwa nimezoea, na yeye hajaniuliza kama nimezoea, ameniuliza kama mimi ni mzima. Kisha akawasha jiko, akageuza samaki wake kana kwamba hakusema kitu.

Nilinuna, nisikufiche. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu langu nilikuwa bado nalihitaji. Niliporudi kazini nikasimama mbele ya matangi, na maneno ya yule bibi hayaniachi. Hata hawa tasi nilikuwa nimewaamkia nikapita. Nimeona wako hai, nikaondoka na jibu nililokuja nalo. Sikungoja waniambie huo uhai wanaulipia nini.

Nikamwendea arbab kumwomba muda hadi msimu wa samaki kutaga. Hakupenda. Alisema yeye analipia jibu, halipii kungoja, na mkataba wangu ukiisha asilaumiwe. Hata hivyo muda akanipa. Nikangoja, na ndipo tasi wakaitikia. Chakula chote walichokula kilikuwa kinaishia kwenye kuhema. Hawakukua. Tulipowapasua matumbo, mayai yalikuwa haba mno. Samaki alikuwa hai, mwanangu, lakini alikuwa anajila mwenyewe.

Nikaandika hivyo hivyo. Arbab akasoma, akanishukuru kwa adabu, akaufunga mradi. Kazi ikaisha na viza ikawa ya kuhesabia siku.

Nikarudi nyumbani miguu mizito. Bi Zuhura amekaa sebuleni. Nikasema shikamoo, nikasimama. Alinitazama usoni, akanitazama mabega, akanitazama shingo iliyokonda, wala sikuondoka.

"Marahaba," akasema. "Haya, u hali gani?"

Nikafungua mdomo niseme nimezoea, kikatoka kilio. Nililia kilio ambacho sijakilia tangu nishuke uwanja wa ndege. Akanipakulia, na habari ya kazi hakuniuliza mpaka nilipokula nikashiba. Baada ya hapo nilikwenda Unguja nikakaa kwa mama miezi kadhaa, nikanenepa. Ripoti ile ile iliyonitoa kazini ndiyo iliyonipa kazi nyingine, na mpaka leo nawauliza samaki swali lile lile moja: huo uhai mnaulipia nini?

Sasa wewe uko Jumeirah Lake Towers, Dubai ile ile, unasimama mlangoni mwa watu kutwa, na kila nikikupigia unaniambia, "Shangazi, nimezoea." Umezoea joto, umezoea madam wako wa kazini, umezoea kulala nusu. Sikukatazi kuvumilia. Mvumilivu hula mbivu, wazee hawakusema uongo. Lakini mwanangu, tazama vizuri hicho unachokila, ni hiyo mbivu au ni nafsi yako? Na mtu akikuuliza hali, simama, ujiulize na wewe, kisha umjibu kweli. Ukimwuliza mwenzako, ngoja aitikie.

Mola akuondolee moto usio wako, akupe mtu wa kukungojea jibu. Asikuweke hai tu, mwanangu, akukuze.