Kisigino cha Ndala Yangu

Fundi umeme amechoma ncha ya waya kwa kiberiti hapa jikoni kwangu, na harufu ile ya plastiki imenirudisha utotoni, nyumbani kwetu Lushoto, sakafuni.

Binamu yangu wa Korogwe, kule treni zinakopita, alikuja likizo akachoma ncha za waya kwa kiberiti, akatengeneza reli zinazokatana za kitreni cha kuchezea, akaziunga na betri za redio ya baba. Kila kitreni chake kilipofika kwenye makutano, kilizima.

"Mjomba, waya zinagusana hapa. Zinataka kampira katikati," binamu akamwambia baba.

Baba, ambaye hakuwahi kuinama kutazama kitu changu hata kimoja, alipiga magoti. Akavuta ndala yangu pale mlangoni, akamega kisigino kwa kisu. Mimi nimesimama palepale, peku.

Kitreni kikapita. Baba akapiga makofi. "Huyu mtoto ana akili!"

Binamu aliondoka na reli zake, na kisigino changu ndani yake. Mvua ziliponyesha, nyayo zangu kwenye tope zilikuwa moja nzima, moja imemegwa. Baba akaziona.

"Wewe, ndala umeichezea wapi mpaka ikakatika?"